Uliza Ujibiwe: Kazi za makundi zinanimaliza hamu ya ualimu

SWALI: Nasomea ualimu wa shule ya msingi, mwaka wa pili. Kila muhula ni kazi za makundi, mawasilisho na ripoti. Kundini tuko wanane, wanaofanya kazi ni wawili. Tunaambiwa eti tunajengwa stadi za jumla. Mimi naona tunachoshwa tu. Nifanyeje?
– Mwanachuo, Likoni

JIBU: Wanane ni wengi mno. Mwombeni mkufunzi awagawe wannewanne. Watu wanne hawana pa kujificha. Kosa jingine ni kugawana kurasa, kisha mmoja akeshe akiziunganisha. Mkufunzi akimuuliza wa kwanza swali la sehemu ya nne, kimya! Afadhali kila mmoja aandike sehemu moja, asahihishe ya mwenzake, na mbele ya darasa aeleze ile aliyoisahihisha. Rasimu ziwe tayari siku 3 kabla. Hapo hata feri ikikuchelewesha siku yenyewe, yupo mwingine anayeijua sehemu yako.

Stadi zenyewe si porojo. Mtaala wa umilisi (CBC) wa shule za Kenya unataka mtoto ajue kuwasiliana na kushirikiana, nawe ndiwe utakayemfunza. Kipindi cha gredi ya nne ni dakika 35. Toa 5 za utangulizi na 5 za hitimisho, unabaki na 25. Ukisema "ingieni makundini" kabla ya kueleza kazi, watoto 60 watazila nyingi wakiburuta madawati na kuuliza "tufanye nini, mwalimu?" Andika kwanza maagizo ubaoni, yasizidi matatu. Kisha walio mbele wageuke tu, watazamane na walio nyuma yao. Dawati halisogei.

Kuhusu hamu, kuna dodoso la mtafiti wa elimu Paul Ramsden, la mwaka 1991, la kuwauliza wanafunzi wanavyoiona kozi yao, lililotumiwa sana vyuoni Australia. Lilitenganisha ufundishaji, uwazi wa malengo, mzigo wa kazi na tathmini. Stadi za jumla ziliongezwa baadaye. Jipime hivyo hivyo, moja moja. Kama ni mzigo, orodhesheni tarehe za kazi zote na mmwonyeshe mkufunzi zinapogongana. Kama ni malengo, ombeni vigezo vya alama kabla hamjaanza kuandika. Barua yako inalalamikia mpangilio wa kazi. Darasa na watoto hujawataja kabisa, kwa hivyo usikimbilie kuacha kozi.

SWALI: Niko kwenye mazoezi ya kufundisha. Msimamizi huniandikia "boresha mbinu", basi. Niboreshe ipi?
– Changamwe

JIBU: Kabla kipindi hakijaanza, mkabidhi andalio la somo ukiwa umetia alama jambo moja unalotaka aliangalie. Mathalani: ni wangapi wa safu ya nyuma watakaoulizwa maswali? Hilo lahesabika, na atakuwa na la kuandika. Asipokuwapo, mwombe mwalimu wa darasa achore mpangilio wa madawati na kutia nukta kila unapomwita mtoto kujibu. Usishangae nukta zikijazana safu mbili za mbele. Kesho yake anza kuuliza kutoka nyuma.