Fundi Anajibu: Itafika Dar bila kuchaji?

Swali: Fundi, shikamoo. Nataka kuagiza gari la umeme, Hyundai Ioniq 5 N. Itanitoa Mtwara hadi Dar bila kuchaji njiani? — Msomaji, Mikindani

Jibu: Marahaba, mwanangu. Haifiki. Vipimo vya Ulaya vinaipa kilomita 448; Dar ni zaidi ya 550, na ukikimbiza, betri inaisha mapema zaidi. Lindi kwenda na kurudi, hilo sina shaka nalo. Mbio inazo kweli: sekunde 3.4 tu kufikia kilomita 100 kwa saa!

Lakini zile dakika 18 zinazotangazwa za kuchaji kutoka asilimia 10 hadi 80 zinataka chaja kubwa ya kilowati 350. Kwa soketi ya kawaida nyumbani, betri hiyo yenye ujazo wa umeme wa kilowati-saa (kWh) 84 itakula zaidi ya saa 24. Fundi umeme akufungie chaja ya kilowati 7, yenye waya wake peke yake. Kwa muda wa saa 12 hivi inajaa. Ekstensheni usiiguse, nakusihi. Waya mwembamba huungua.