Brauza inanilia bando, kwani wanaficha nini?

SWALI: Shkamoo anko, nina steshenari huku Mtwara karibu na sokoni, brauza ya kompyuta kila wiki inajiapdeti inanimalizia bando, ukisoma maelezo wameandika tu wamerekebisha usalama basi, ndo nini sasa?

JIBU: Marahaba. Inaudhi kweli, ila mfano Chrome tangu 2023 inatoa viraka vya usalama kila wiki, na habari za tundu lenyewe wanazibana mpaka watu wengi wawe wameshaapdeti, maana ukimtangazia mwizi dirisha bovu kabla fundi hajafika si umemkaribisha ndani. Baadaye lakini waseme wazi, hapo niko na wewe. We kwenye maelezo ya apdeti tafuta namba inayoanza na CVE, ndo utambulisho wa tundu lenyewe la usalama, urudi kuisoma baada ya wiki kadhaa. Kuzima apdeti usithubutu, wateja wanafungulia imeili zao hapo kwako!