Maswali na Majibu: Plota Inayopotea Njia Katikati ya Mchoro

SWALI: Mheshimiwa, assalamu alaykum. Mimi ni mchoraji wa ramani za nyumba hapa Wete, Pemba. Nimepata plota ya kalamu ya zamani (mashine inayochora kwa kuisogeza kalamu juu ya karatasi), aina ya HP 7475A, na kwa kuwa kompyuta yangu haina programu ya kuiendesha, nimeamua kuiandikia yangu mwenyewe kwa Python. Kompyuta ina poti za USB tu, hivyo natumia kigeuzi cha kuipeleka USB kwenye poti ya seriali. Michoro midogo inatoka vizuri sana. Nikituma ramani ya nyumba nzima, kuta za mwanzo huchorwa sawasawa, kisha ghafla kalamu hupiga mstari mrefu wa mshazari unaokata karatasi yote, na taa ya kosa huwaka. Tena, nikiamuru iandike jina la chumba, huandika "UKUMBI", halafu huendelea kuandika "PU;SP2;PA" na namba zote zinazofuata, juu ya mchoro wangu. Je, mashine ni mbovu? — Mchoraji, Wete

JIBU: Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Mashine yako ni nzima, na dalili ulizozieleza zinatosha kuonyesha kwamba makosa ni mawili na yote yamo ndani ya programu. Nitaanza na lile dogo.

Katika HP-GL, ambayo ndiyo lugha ya plota hiyo, amri nyingi humalizwa kwa nukta-mkato. Amri ya LB, ya kuandika maneno, haimalizwi hivyo, kwa sababu nukta-mkato yenyewe inaweza kuwa sehemu ya maneno unayotaka yaandikwe. Humalizwa kwa herufi namba 3 katika ASCII, orodha inayoipa kila herufi namba yake; herufi hiyo haionekani kwenye karatasi wala kwenye skrini. Usipoituma, plota itachukulia kwamba bado unaisomea maneno, na kila amri inayofuata itaiandika kama ilivyo. Katika Python andika b"LBUKUMBI\x03" na tatizo hilo litakwisha.

Mstari wa mshazari una maelezo marefu zaidi, na naomba uyafuate kwa subira, kwa sababu hapa ndipo wanapokwama karibu wote wanaoandika programu za namna hii. Plota hiyo hupokea amri na kuziweka kwanza katika bafa, yaani kumbukumbu ya muda, yenye nafasi ya baiti 1,024, kisha huzitekeleza moja baada ya moja. Ukiwa umeweka kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, na kila baiti ikisafiri na biti yake ya kuanzia na ya kumalizia, yaani biti 10 kwa jumla, kompyuta inaweza kupeleka baiti 960 katika kila sekunde. Amri kama "PA5000,1000;", ya kuipeleka kalamu mahali fulani, ina baiti 12, kwa hiyo amri kama 80 zinaweza kufika kwa sekunde moja. Kalamu nayo, hata ikienda kwa kasi yake ya juu ya sentimita 38 kwa sekunde, haiwezi kumaliza hata mistari minne ya sentimita kumi kwa muda huo huo. Mchoro mdogo unaingia wote ndani ya bafa, na ndiyo maana hukuona tatizo. Ramani ya nyumba haiingii, na programu yako huendelea kumimina kama mtu anayejaza mtungi uliokwisha kujaa.

Baiti zinazomwagika hupotea bila kurudi. Tuseme katika "PA5000,1000;" imepotea sifuri moja, ikabaki "PA500,1000;". Hiyo ni amri halali kabisa, na plota itaitii. Kipimo cha HP-GL ni vizio 40 kwa milimita, kwa hiyo badala ya kwenda milimita 125, kalamu itakwenda milimita 12.5 tu, ikiburura wino karatasi nzima. Zikipotea herufi zenyewe za amri, basi taa ya kosa huwaka. Unaweza kuyathibitisha haya mwenyewe: mara tu taa inapowaka, tuma herufi ya ESC, ambayo ni namba 27, ikifuatiwa na nukta na E. Plota itakujibu kwa namba. Ikisema 16, bafa imefurika. Ikisema 15, basi kasi au pariti (biti ya kukagua makosa) ya pande mbili hailingani, na hapo itakubidi uangalie zile swichi ndogo zilizo nyuma ya plota, uzipange upya, kisha uizime na kuiwasha tena.

Dawa ni kuiwezesha plota kusema "ngoja" na kuiwezesha programu kusikia. Njia ya kwanza ni ya waya. Plota hutumia pini yake ya 20 kutoa ishara kwamba haina nafasi. Kwa kiunganishi cha pini 9 upande wa kompyuta, unganisha pini 2 ya plota na pini 2, pini 3 na pini 3, pini 7 na pini 5, na hiyo pini 20 uipeleke kwenye pini 8, kisha ufungue poti kwa rtscts=True, mpangilio wa maktaba ya pyserial unaoifanya programu isikie ishara hiyo. Kebo nyingi zinazotengenezwa mitaani huwa na nyaya tatu tu na hazina huu wa nne, na mwenye kebo husumbuka bila kujua kinachokosekana. Kagua pia pini zenyewe, kwani hewa yetu ya chumvi huzipaka ukungu wa kijani, na pini yenye kutu hupitisha ishara leo na kesho isipitishe.

Njia ya pili ndiyo ninayoipendelea, kwa sababu haitegemei waya wa nne wala tabia ya kigeuzi chako. Programu iulize kabla ya kutuma. Ukituma ESC, nukta na B, plota hujibu papo hapo, hata ikiwa katikati ya kuchora, kwa kutaja idadi ya baiti zilizo wazi katika bafa:

plota.write(b"\x1b.B")
nafasi = int(plota.read_until(b"\r"))

Gawa mchoro katika vipande visivyozidi baiti 128. Kabla ya kila kipande uliza, na kama nafasi haijafika 256, subiri sehemu ya kumi ya sekunde kisha uulize tena. Kwa kuwa hutumi kipande kingine mpaka umepata jibu, hakuna kinacholundikana ndani ya kigeuzi cha USB, ambacho nacho kina bafa yake na kinaweza kuendelea kutoa baiti kidogo baada ya wewe kudhani umesimama. Hii ndiyo sababu siipendekezi sana ile njia ya tatu, ya plota kutuma herufi namba 19 kusimamisha na namba 17 kuendeleza: kwenye poti za zamani ilifanya kazi vizuri, lakini kupitia vigeuzi amri ya kusimama huweza kuchelewa.

Jaribu kwanza mraba huu wa sentimita kumi, uupime kwa rula, ndipo uende kwenye ramani (IN huianzisha plota upya, SP1 huchukua kalamu ya kwanza, PU huinua kalamu na PD huishusha):

IN;SP1;PU;PA1000,1000;PD;PA5000,1000,5000,5000,1000,5000,1000,1000;PU;SP0;

Usiisahau SP0 ya mwisho, kwani ndiyo inayoirudisha kalamu kwenye kifuniko chake. Kalamu iliyoachwa wazi hukauka. Na kwa kuwa unachora nyumba kwa kipimo cha 1 kwa 100, mita moja ya ukuta ni milimita 10, yaani vizio 400, hivyo chumba cha mita 4 kwa 3.5 ni vizio 1,600 kwa 1,400. Hesabu hiyo iweke mahali pamoja tu ndani ya programu, ili siku mteja akitaka kipimo cha 1 kwa 50 ubadilishe namba moja.

SWALI: Mimi nasomesha skuli hapa Unguja. Tuna printa-plota ndogo ya kalamu nne, Tandy CGP-115, na nimeiunganisha kwa poti ya paraleli kupitia Arduino, ile bodi ndogo ya kielektroniki inayoandikiwa programu. Nikiituma "D100,0" inaandika D100,0 kwa herufi nzuri kabisa, lakini haichori chochote. — Mwalimu, Mwanakwerekwe

JIBU: Mwalimu, umekwisha kuivuka sehemu ngumu, kwani mashine inayoandika herufi sahihi inaonyesha kwamba nyaya za data, waya wa STROBE (unaoiambia mashine isome) na waya wa BUSY (ambao mashine husemea "ngoja") kwa kiasi kikubwa viko mahali pake. Mashine hizi zina hali mbili, ya printa na ya plota, na zikiwashwa huwa katika hali ya printa. Tuma herufi namba 18 kuingia hali ya kuchora, na namba 17 kurudi kwenye maandishi. Kila amri ya kuchora imalizie kwa herufi namba 13. Hatua moja ya kalamu ni milimita 0.2 na upana wote una hatua 480, kwa hiyo D100,0 ikianzia kwenye ukingo wa kushoto itakupa mstari wa sentimita mbili. Wanafunzi waanze na amri ya C kubadilisha rangi, ambapo 0 ni nyeusi, 1 buluu, 2 kijani na 3 nyekundu, kwani hapo watayaona matokeo ya programu yao mara moja.

Tahadhari moja kwa siku zijazo: Arduino Uno hutumia volti 5, sawa na mashine yako, lakini zipo bodi mpya za volti 3.3, na hizo usiziunganishe moja kwa moja na waya wa BUSY, zinaweza kuungua.

SWALI: Nina duka la stika Chake Chake. Je, mashine yangu ya kukatia stika inaweza kuendeshwa kwa programu ya kujiandikia? — Msomaji, Chake Chake

JIBU: Mashine nyingi za kukatia stika zinaifahamu HP-GL, na nyingi hutumia vizio vile vile 40 kwa milimita, kwa hiyo ule mraba niliompa ndugu yetu wa Wete unaweza kuujaribu, ukiondoa SP1 na SP0 kama mashine haina sehemu ya kubadilisha kalamu. Weka kalamu ya kawaida mahali pa kisu kwa majaribio yote ya mwanzo. Ncha ya kisu hukaa nyuma kidogo ya mhimili wake, na kwa sababu hiyo pembe za mraba zitatoka zimeviringika. Programu yako itabidi izidishe mstari kidogo katika kila kona kabla ya kugeuka, isipokuwa kama mashine yenyewe ina mpangilio wa kurekebisha jambo hilo, ambao hutafutwa kwenye menyu yake kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa programu.