"Three times" kwa Kihispania si "tres tiempos"
Ni "tres veces". "Time" ya Kiingereza hubeba mizigo mingi, Kihispania huigawa. Ukitaka njia rahisi, pitia Kiswahili kwanza: ikiwa ungesema "mara", andika vez (wingi wake veces), ikiwa ni "saa", hora, ikiwa ni "muda" au "wakati", tiempo. Kwa hiyo "la primera vez" (mara ya kwanza), "¿qué hora es?" (ni saa ngapi?), "no tengo tiempo" (sina muda). Mimi nilihangaika na hili karibu mwaka mzima darasani mpaka nikagundua kwamba lugha yangu ilishanifanyia kazi.

Ila njia hiyo ina shimo moja: hesabu. Sisi husema tatu mara nne, wao husema "tres por cuatro", vez haihusiki kabisa. Na tiempo pia ni hali ya hewa, kwa hiyo "hace buen tiempo" inasifia jua, si wakati. "Have a good time" nayo usiitafsiri neno kwa neno; Hispania watasema "pásalo bien", Meksiko utasikia zaidi "pásala bien".