Oili Inavuja Upande wa Taimingi: Maswali na Majibu

Barua nyingi zilizonifikia majuzi zinalilia jambo moja: oili inayotoka mbele ya injini, upande wa taimingi, yaani penye cheni au belti inayoendesha valvu. Mara nyingi hulaumiwa sili ya krenki, inayozuia oili pale shafti kuu ya injini inapotokeza nje. Sili yenyewe ni kipande kidogo cha mpira na spea yake si ghali. Kinachomaliza pesa ni kufungua pasipofaa kufunguliwa, au kufunga vibaya ukarudia kazi. Hapa chini nimechagua maswali ambayo majibu yake yatawasaidia wengi.

Fundi, salaam aleikum. Nina Probox ya injini 1NZ, naendesha teksi kati ya Bamburi na mjini Mombasa. Kila asubuhi nakuta matone ya oili chini, upande wa dereva. Fundi mmoja anasema ni sili ya krenki, mwingine anasema ni kava nzima ya taimingi. Nimsikilize nani?

Waaleikum salaam, kaka. Usimlipe yeyote mpaka injini ioshwe. Oili hutoka juu ikateremka, upepo ukaisambaza, na mwisho huonekana mahali ambapo siyo ilipotokea. Kwenye 1NZ upande huo una sehemu nne za kushukiwa: gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), oringi (pete ya mpira) ya valvu ya VVT-i inayorekebisha taimingi, silikoni inayounganisha kava ya taimingi na bloku, na sili ya krenki nyuma ya puli kubwa.

Injini ikiwa imepoa, funika oltaneta vizuri, sugua upande ule kwa brashi na mafuta ya taa, kisha futa na uache pakauke kabisa. Nyunyiza poda ya mtoto kuanzia juu hadi chini. Washa injini, iache ingurume dakika kumi hivi, zima, halafu mulika kwa tochi. Poda haidanganyi: pale inapolowa kwanza ndipo oili inapotokea. Ikianza kulowa chini ya tapeti kava, una kazi ndogo. Ikilowa kwa mstari unaofuata ukingo wa kava ya taimingi, ni silikoni imeachia. Na ukivua gurudumu ukakuta oili imerushwa kwa duara kwenye plastiki ya ndani, usawa wa puli, hiyo ni sili.

Naitwa mama wa Tudor, gari langu ni Vitz. Nimeambiwa injini lazima ishushwe ili sili ibadilishwe. Ni kweli?

Kwa sili peke yake, la, dada yangu. Gari hupandishwa, likawekwa kwenye stendi, gurudumu la mbele likatolewa na plastiki ya pembeni pia. Belti ya oltaneta inalegezwa, puli inavutwa, na sili ipo mbele ya macho. Injini inabaki palepale.

Kava ikiwa ndiyo inayovuja, kazi inakua. Maunti (kishikio cha injini) ya upande ule hufungwa hapo hapo, kwa hiyo injini hushikiliwa kwa jeki na ubao chini ya sampu (bakuli la oili), tapeti kava hutolewa, kisha kava yenyewe. Hata hapo mara nyingi haishushwi. Mwambie fundi akuonyeshe kwa kidole oili inatoka wapi. Fundi anayejua kazi hatakasirika kuulizwa.

Mimi ni kijana najifunza kazi kwenye gereji moja ya Kongowea. Mkubwa wangu hupigilia sili kwa nyundo moja kwa moja. Nifanyeje nikipewa kazi yangu mwenyewe?

Swali lako limenifurahisha, na nitalijibu kwa urefu.

Kabla hujang'oa sili ya zamani, itazame imekaa kina gani: imelingana na uso wa kava au imezama kidogo. Ipya ikae vivyo hivyo. Kung'oa, tumia bisibisi iliyozungushiwa tepu au kitambaa, na usiegemeze ncha yake kwenye shafti. Mkwaruzo mmoja tu hapo na sili mpya itavuja siku ile ile.

Shika sili mpya mkononi uigeuze. Upande mmoja una mdomo wa mpira uliokazwa na springi nyembamba kama uzi. Upande huo unaangalia ndani, kwenye oili. Sasa chukua puli, futa shingo yake, upitishe ukucha pale sili inapogusa. Ukucha ukinasa, sili ya zamani imechimba mfereji. Sili mpya ikikaa juu ya mfereji ule ule haitadumu. Badilisha puli, au valisha shingo ile bushi nyembamba ya chuma inayouzwa kwa kazi hiyo. Sisi wa pwani tuangalie na kutu pia. Gari linalopita kwenye maji ya chumvi huota vipele vya kutu kwenye shingo ya puli, na vipele hivyo hula mdomo wa sili kama msasa. Sugua kwa msasa laini sana wenye oili, kwa kuzungusha, kamwe si kwa kuvuta urefu.

Paka oili kwenye mdomo wa sili. Isukume ndani kwa kipande cha bomba au soketi kubwa inayolingana na ukingo wake wa nje, ukigonga polepole huku na huku iingie sawasawa. Nyundo ikigusa sili yenyewe, chuma chake hupinda. Bolti ya puli ya 1NZ hukazwa Nm 128 kwa spana ya kupimia. Hiyo ya kukaza "mpaka ilie" iache.

Ikiwa ni kava nzima, kumbuka kwamba kwenye injini hii kava ndiyo nyumba ya pampu ya oili. Oringi zilizo kati yake na bloku ziwe mpya. Kwangua silikoni ya zamani yote pande zote mbili, safisha mpaka kitambaa kitoke kikavu, paka mstari mwembamba usiokatika, funga kabla haujaanza kukauka. Silikoni nyingi si uimara. Inayozidi hujikunja ndani, hukatika, huanguka kwenye sampu na kuziba chujio ya pampu. Na kwa kuwa umeshafungua, kagua cheni, reli zake na tenshena inayoikaza. Ni aibu kufunga kisha urudi mwezi ujao kwa kelele za cheni.

Nina Hiace ya dizeli, injini 5L, inabeba abiria Likoni hadi Ukunda. Inalowesha oili ndani ya kava ya taimingi kidogo tu. Naweza kungoja hadi mwisho wa mwezi?

Usingoje, bwana. 5L inatumia belti, si cheni. Cheni huogelea kwenye oili bila shida, lakini belti ya mpira ikilowa hulainika na meno yake hung'oka. Ikiruka, pistoni zinagonga valvu, na wewe una abiria ndani. Isimamishe. Badilisha sili ya krenki, ya kamshafti na belti kwa pamoja, hata kama belti haijafika kilomita 100,000. Belti iliyolowa oili haioshwi ikarudishwa.

Sili imebadilishwa mara mbili na bado inavuja. Je, spea ni feki?

Yawezekana, lakini kwanza angalia kama injini inapumua. Fungua kifuniko cha oili ikiwa inawaka. Ukiona moshi unasukuma kwa nguvu, presha imejaa ndani na inatafuta pa kutokea. Mara nyingi ni valvu ya PCV, inayotoa mvuke ndani ya injini, au bomba lake limeziba kwa masizi. Hiyo ni kazi ya dakika chache. Kama valvu ni nzima na moshi bado unatoka kwa nguvu, pistoni na ringi zimechoka, na hakuna sili itakayostahimili.

Kupaka silikoni kwa nje, au kumimina dawa ya kuzuia kuvuja?

Silikoni ya nje haishiki penye oili. Dawa hulainisha mpira uliokauka, ikakusukumia siku mbele. Mfereji wa puli haizibi.

Nasafiri Nairobi Ijumaa na sijapata nafasi ya gereji. Niende?

Kama ni injini ya cheni na ni matone tu, unaweza. Pima oili gari likiwa limesimama sawasawa, jaza hadi alama ya juu, beba lita moja ya aina ile ile, na upime tena Voi na Mtito Andei. 1NZ nzima inachukua kama lita 3.7 tu, kwa hiyo kupungua lita moja si jambo dogo. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, zima injini hapo hapo ulipo. Na kama belti ya oltaneta imeshalowa na inapiga mluzi, panda treni, gari libaki nyumbani.