Maswali ya Wasomaji: Mandela aliongoza au alibahatika?

SWALI: Mhariri, baada ya salamu, juzi tuliitazama nyumbani filamu ya Invictus ya mwaka 2009, iliyoongozwa na Clint Eastwood, inayosimulia jinsi Rais Nelson Mandela alivyoitumia timu ya raga ya Afrika Kusini kuwaunganisha wananchi wake. Mimi ilinitoa machozi. Shemeji yangu, ambaye ni kocha wa mpira wa miguu, alicheka, akasema kwamba timu ile ingeshindwa fainali tusingesikia habari za uongozi, kwa hiyo sifa ni za bahati. Wewe unaonaje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Shemeji yako hakukosea kuhusu bahati. Fainali ya Kombe la Dunia ya tarehe 24 Juni 1995, katika uwanja wa Ellis Park, Johannesburg, ilimaliza muda wa kawaida timu zikiwa sare ya 9-9, baada ya Andrew Mehrtens wa New Zealand kukosa mkwaju ambao ungeweza kuwapa ubingwa. Ni katika muda wa nyongeza ndipo Joel Stransky, aliyefunga pointi zote za wenyeji, alipoupitisha mpira kati ya nguzo na mchezo ukaisha 15-12.

Hata hivyo, kilichonigusa mimi katika filamu hiyo kinatokea mapema zaidi. Kuna mtoto wa mtaa wa Waafrika anayepewa jezi ya Springboks, yaani timu ya taifa ya raga, kama msaada, naye anakataa na kukimbia, kwa sababu wenzake wangempiga wakimwona ameivaa. Na kwa kweli walikuwa na haki ya kuichukia, kwani kwa miaka mingi ilikuwa nembo ya wale waliowanyima kura. Baada ya hapo tunaona baraza la michezo, ambalo wajumbe wake ni watu wa Mandela mwenyewe, likipiga kura kuifuta nembo hiyo, naye anaacha shughuli zake na kwenda kuwasihi waibakize, ingawa msaidizi wake anamwonya kwamba anahatarisha uongozi wake. Kuwapinga mahasimu ni kazi nyepesi. Yeye alisimama mbele ya waliomchagua, wakati timu yenyewe ilikuwa dhaifu na hakuna aliyeitarajia kutwaa kombe.

Sikuikubali filamu yote. Inamwonyesha Mandela akimpa nahodha François Pienaar shairi lenye jina la filamu, ilhali inafahamika kwamba alimpa maneno ya Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, na naona ya Roosevelt yangefaa zaidi kwa mchezaji. Vilevile Chester Williams, mchezaji pekee asiye mzungu katika kikosi kile, aliyefunga trai nne (yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani) katika robo fainali dhidi ya Samoa Magharibi, anapewa nafasi ndogo mno.

Mkumbushe shemeji yako jambo moja ambalo si la kubuniwa na watengeneza filamu. Mandela aliingia uwanjani akiwa amevaa jezi ya kijani yenye namba 6 ya Pienaar, na umati ambao karibu wote ulikuwa wa wazungu ukaimba jina lake, kabla ya mchezo kuanza, ubao wa matokeo ukiwa bado ni 0-0.