Maswali Yenu: Uchafu Usiokwisha, Madoa Meupe na Kirusi cha HPV

SWALI: Hujambo daktari. Nina miaka 31, naishi Umoja. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikitokwa na uchafu wa manjano wenye harufu. Kemisti amenipa dawa mara tatu. Napata nafuu wiki moja, kisha unarudi. Sasa hata tukikutana na mume wangu naona matone ya damu. Ni saratani?

JIBU: Pole sana, dada. Kwa dalili ulizotaja, tunashuku zaidi kwamba mlango wa kizazi umevimba kwa sababu ya maambukizi. Klamidia, kisonono na trikomona huufanya uwe laini kiasi kwamba ukiguswa kidogo tu unatoa damu. Lakini hakuna anayeweza kulithibitisha hilo akiwa nyuma ya dirisha la duka la dawa. Mlango wa kizazi sharti utazamwe kwa spekulamu, kifaa kinachopanua uke ili mhudumu aone ndani.

Je, mume wako alitibiwa? Trikomona hukaa kwa mwanamume bila dalili yoyote, nawe ukipona anakurudishia. Halafu angalia ulipewa dawa gani. Ile ya fangasi ya kuingiza ukeni haigusi klamidia. Klamidia mara nyingi hutibiwa kwa doksisaiklini miligramu 100 asubuhi na jioni kwa siku 7 (mjamzito hapewi hiyo, kwa hiyo sema kama umekosa hedhi). Trikomona huhitaji metronidazoli, miligramu 500 mara mbili kwa siku, pia siku 7. Kisonono siku hizi hutibiwa kwa sindano ya seftriaksoni, kwa sababu baadhi ya vidonge vya zamani vimeshindwa nguvu. Wengi huacha dozi siku ya tatu uchafu unapokauka, na hapo vimelea vilivyobaki huanza upya. Mtibiwe pamoja, kisha msikutane mpaka nyote mmalize dawa na siku 7 zipite.

Na tunakuomba, acha kuosha ndani kwa sabuni, limau au dawa ya kuua vijidudu. Uke una bakteria wake wanaoulinda. Ukiwaondoa, harufu huzidi.

Nenda kliniki siku ambayo huna hedhi. Siku mbili kabla, usiweke dawa ukeni wala usikutane na mume wako. Kama damu haikatiki, nenda hivyo hivyo, usingoje. Ukifika, omba upimwe VVU na kaswende, na useme waziwazi kwamba unataka pia uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi. Antibiotiki zitaondoa uvimbe, ila haziondoi HPV, kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana, ambacho ndicho chanzo cha karibu saratani zote za mlango huo. Wanawake wengi hutibiwa uchafu miaka nenda miaka rudi na mlango wa kizazi haujatazamwa hata mara moja. Hilo hutusikitisha kuliko jambo lolote katika barua zenu.

SWALI: Mimi ni mama wa miaka 39, Kawangware. Nilipakwa siki kliniki, nikaambiwa kuna madoa meupe na nirudi kuchomwa. Jirani anasema nikichomwa kizazi kimekwisha.

JIBU: Mama, rudi. Siki ile inayopakwa kwenye mlango wa kizazi ni asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5. Baada ya dakika moja hivi, seli zilizobadilika hugeuka nyeupe. Doa jeupe mara nyingi ni mabadiliko ya kabla ya saratani, na wakati mwingine ni uvimbe tu. Kutoka HPV isiyoondoka hadi saratani kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke mwenye VVU asiyetibiwa huweza kuwa 5 hadi 10. Umegunduliwa ukiwa bado na nafasi nzuri ya kupona.

Kuchomwa ni hivi: kichwa cha chuma chenye joto la nyuzi kama 100 hugusishwa kwenye mlango wa kizazi kwa chini ya dakika moja, pengine zaidi ya mara moja ikiwa doa ni pana. Utahisi maumivu kama ya hedhi, kisha unaenda nyumbani siku hiyo hiyo. Mfuko wa uzazi hauguswi.

Kwa wiki kadhaa utatokwa na majimaji mepesi. Tumia pedi, usiweke chochote ukeni, na msikutane kwa wiki 4 hadi 6. Homa, usaha wenye harufu kali, maumivu makali ya tumbo au damu ya mabonge: rudi siku hiyo hiyo. Baada ya miezi 12 upimwe tena.

Kabla ya kulala kitandani ili uchomwe, uliza: doa limeingia ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi? Likiwa limeingia, au ni kubwa mno, hukatwa kwa waya wa umeme. Na mhudumu akishuku saratani yenyewe, hachomi. Anachukua kipande kidogo cha nyama kipelekwe maabara.

SWALI: Mke wangu amepatikana na HPV. Tumeoana miaka 12. Amenisaliti? (Msomaji, Embakasi)

JIBU: Ndugu, kipimo hakisemi hivyo. HPV hukaa kimya miaka mingi, na huenda mmoja wenu alikuwa nayo kabla hamjajuana. Wengi huiondoa wenyewe ndani ya miaka miwili. Hakuna kidonge cha kuiua. Kinachohitajika ni mkeo kufuatiliwa. Msindikize. Kama anavuta sigara, aache, maana sigara huusaidia ugonjwa.

SWALI: Binti yangu ana miaka 10. Chanjo ya HPV itamzuia kuzaa?

JIBU: Hapana. Kenya imekuwa ikiitoa bila malipo tangu Oktoba 2019 kuanzia umri huo huo, kwa kuwa hufanya kazi vizuri zaidi kabla msichana hajakutana na kirusi. Hukinga dhidi ya aina za HPV zenye namba 16 na 18, zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizi. Akiwa mtu mzima bado atahitaji kupimwa. Nenda na kitabu chake cha kliniki ili chanjo iandikwe humo.